Lita Ishirini

Nilitaka lile bakuli la duara
linaloenea kiganjani kama chungwa,
dola kumi na mbili, na vijiwe vya bluu bure.
Rowena wa duka la mtaa wa Sargent
alilichukua mkononi mwangu, akalirudisha rafuni.
"Humo," akasema, "hata kugeuka hatageuka."

Nyumba njema si mlango.
Nami nilikuwa nimeupenda mlango.

Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Beta wamepangwa rafuni, kila dume na kikombe chake,
mkia umekunjamana kama kanga iliyosahauliwa ndooni.
Shamte alimchagua mwekundu wa pembeni,
aliyetutunishia mashavu kutugombeza.
Jina akampa papo hapo: Kanali.

"Leo hauzwi. Kwanza nyumba."
Tangi la lita ishirini, mapana kuliko kimo,
maana hupanda juu kuvuta hewa kama sisi
na mapezi yale ni mzigo.
Hita ishike ishirini na sita.
Chujio la sponji, lipumue polepole,
mkondo ukizidi utamburura.
Kifuniko, kwa kuwa huruka.
Na kila mmea wa plastiki uupitishe juu ya soksi ya nailoni:
ukinasa soksi, utanasa pezi.

Halafu ungoje. Maji nayo huiva.
Wanakuja wadogo wasioonekana, wale sumu, wajenge kwao,
wiki nne, pengine tano.
Usiwaharakishe.

Basi tukaishi na tangi lisilo na mtu.
Nikirudi alfajiri kutoka zamu ya usafi hospitalini,
nikivua buti, nikivua soksi tatu,
nalikuta limewaka pembeni mwa jikoni,
mbali na dirisha linalovujisha baridi,
likikoroma kidogo,
likimpashia maji asiyekuwepo.
Shamte hulibishia hodi: "Kanali, umeamka?"
Bi Halyna wa ghorofa ya chini akauliza, samaki yuko wapi?
Yuko njiani, nikamjibu.

Mimi nilipofika, miaka sita sasa,
ufunguo ulikuwa chini ya zulia la mlangoni
na hita ilikuwa imezimwa.
Nililala na koti.
Nyumbani nikapiga simu, nikasema kuna joto.

Siku ya thelathini na nne kipimo kikabaki njano.
Nilimbeba ndani ya koti, kikombe kifuani,
nikasimama kwenye basi njia nzima
ili asibanwe na mikunjo yangu.
Tukakiacha kikombe kielee robo saa,
tukamtilia maji mapya kijiko kwa kijiko,
Shamte akihesabu, akikosea, akianza upya.

Akatoka.
Akaenda mbele kwa shaka, kama anayetafuta ukuta gizani,
akaukosa, akaenda tena,
akafika kwenye kioo.

Akageuka.
Mkia ukamfuata wote, taratibu,
bila kugusa kitu.