Saa Tano Mara Mbili

Toleo jipya lilifika hospitali ya Carbonear siku ya theluji chafu,
diski tatu ndani ya bahasha ya kahawia
na mwongozo mzito kama paketi ya unga.
Gus Penney aliuweka mezani kwangu, akasema,
"Soma wewe. Mimi nastaafu Juni."

Nikasoma.
Aina mpya za data, kuanzia ukurasa wa hamsini na tisa:
wakati unaohesabiwa hadi vipande vya sekunde;
wakati wenye jina la ukoo,
si saa tano tu, bali saa tano ya wapi, ya majira gani;
na muda, ambao zamani ulikuwa baki la kutoa namba kwa namba,
sasa umepewa safu yake, siku na saa na dakika.

Kisha vifurushi. Vimo humo humo ndani,
huvinunui, huvifungui kamba,
unaviita kwa jina vinaitika.
Kimoja kinapanga kazi za usiku.
Kimoja kinakueleza jedwali lako ulilijengaje,
ukiwa umesahau.
Na kimoja, hiki nilikirudia,
kinakugeuza shingo: unaliona jedwali
lilivyokuwa kabla hujaliharibu.

Kahawa haijapoa, simu ikalia.
Verna Snook, wa Salmon Cove.
"Wanangu wana miaka saba, wanapigania kitanda cha juu.
Cheti chenu kinasema Colm ndiye wa kwanza.
Ni Leander. Nilikuwepo."

Nikafungua mistari miwili.
Leander, Jumamosi, saa sita kasoro dakika kumi na mbili usiku.
Colm, Jumamosi hiyohiyo, saa tano na dakika tisa.
Oktoba, wikiendi ya mwisho.
Nikaelewa, nikaona haya kidogo:
usiku ule, saa sita na dakika moja,
sheria ya kisiwa iliturudisha wote
saa tano na dakika moja, tuianze upya.
Saa ileile ikapita mara mbili, na safu yetu ya zamani
haikuwa na pa kuandika ni ipi.
Doto akaingia kitabuni kabla ya Kurwa.

Nilikijaribu kile kifurushi cha kutazama nyuma.
Kilinionyesha jana, mchana.
Nikataka miaka saba, kikakataa.

Nikaibadili safu iwe ya aina mpya.
Mashine ikajaza kanda yenyewe, bila kuniuliza,
kwa wote wawili ileile.
Uongo uleule,
sasa una sufuri sita baada ya nukta.

Basi nikashuka chini, karibu na mabomba,
kwenye madaftari ya wodi ya wazazi yanayonuka unyevu.
Mwandiko wa muuguzi Philomena Careen, umelala upande:
*Mvulana wa kwanza, saa ya zamani.
Nimepanda kiti nikairudisha saa ya ukutani.
Mvulana wa pili, saa mpya. Mama ana hasira.*

Nilipompigia, Verna alicheka hadi akakohoa.
"Hasira? Nilimtukana! Mtoto yuko njiani,
yeye kanipa mgongo, anahangaika na saa!"

Nikaandika. Leander: saa mbili na nusu nyuma ya Greenwich.
Colm: saa tatu na nusu.
Nikaitoa ya kwanza katika ya pili,
na aina ile mpya ya muda ikanijibu bila alama ya kutoa:
siku sufuri, saa sufuri, dakika ishirini na moja.

"Nitampa Leander cheti," Verna akasema.
"Colm nitamwambia kesho. Au Jumapili."

Gus alikuwa ameshavaa koti.
Nikauliza jedwali swali moja zaidi:
Oktoba zote, usiku ule, saa tano ile,
nani wengine?
Mistari arobaini na mmoja.
Nikachukua tochi, na ile kahawa, ilikuwa baridi sasa,
nikashuka tena.