Kwikwi ya Mwanga

Nibaldo Araya, zamu ya usiku,
mlimani juu ya Vallenar, huko Chile,
ambako mvua ni hadithi ya mwaka juzi,
hatazami nyota. Anatazama namba.
Darubini ndiyo itazamayo; yeye anailinda
kama mwuguzi alindavyo pumzi za mgonjwa,
koti hadi kidevuni, chai imeshapoa.

Siku kumi na tisa sasa nyota moja,
kiduchu katika msongamano wa Njia Nyeupe,
inanawiri kwa neema isiyo yake:
nyota nyingine, hafifu, inapita mbele yake,
na uzito wa mpita njia unaukunja mwanga wa ile ya nyuma,
unaukusanya kama miwani nene ya bibi.
Jambo la kawaida. Hupanda, hufika kilele, hushuka.

Lakini saa tisa na dakika ishirini
mstari unaoshuka unapiga kwikwi.

Nukta moja juu ya mahali pake. Kisha ya pili.
Nibaldo anafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta.
Si vumbi.
Anapiga simu Tasmania, ambako jua ndiyo kwanza limezama:
"Thirza, fungua kuba. Ifuate. Usiniulize."

Wakapokezana, bara kwa kisiwa, usiku kwa usiku,
hadi mstari ukatulia, ukaendelea kushuka
kama mtu aliyejikwaa akatazama kando
kuhakikisha hakuna aliyemwona.

Hesabu zitakuja baadaye: sayari ya gesi,
nzito kuliko Zohali, baridi, mbali na jua lake,
haina pa kukanyaga, dhoruba juu ya dhoruba.
Mwanga ulioleta habari ulifunga safari
kabla binadamu hajafukia mbegu kwa makusudi.
Na nyota hizi mbili hazitapangana tena,
si kwetu, si kwa vitukuu.
Dalili ya mvua ni mawingu;
hapa hata wingu halikuwapo.

Asubuhi Ercilia wa jikoni anauliza, "Inafananaje?"
Nibaldo anamega mkate. Anamkumbuka baba,
mchimba shaba, na jioni za Jumamosi:
mlango haujafunguka bado, na tayari
mama amepunguza redio,
watoto wamekunja miguu,
paka ameshuka kitini.

"Sijui," anasema. "Ila ipo."

"Basi kula," anasema Ercilia,
na kumwongezea yai.