Kipengele cha Tatu

"Eleza kwa nini mlichagua zana hizi."
Fomu imeacha mistari minne.
Mwalimu Ocitti hupenda majibu mafupi,
nami ndiye katibu wa kundi la kumi na moja,
mwandiko wangu mnene, sababu zetu ndefu.

Tulianza na flashi moja, nyekundu, isiyo na kifuniko.
Ilitoka Laroo mfukoni mwa Okidi,
ikalala Pece kwa Tumwebaze,
ikarudi na virusi na unga wa biskuti.
Ndani yake: kinu_mwisho. Kinu_mwisho_kabisa.
Kinu_mwisho_usiguse. Kinu_mwisho_Okidi_amegusa.
Miisho saba, na kazi haijaanza.

Tukakaa kitako kuchagua.
Tumwebaze alikesha akitazama video, akaja na orodha,
kila jina jipya, kila nembo inang'aa.
"Huko nje makampuni yote yanatumia hiki."
Huko nje. Akanyoosha kidole dirishani,
ambako mtu alikuwa anaosha pikipiki.
Okidi alitaka alichokizoea;
mtu akizoea kisu butu hukiita kisu chenye adabu.
Isabirye alisinzia, tukahesabu usingizi wake kuwa ndiyo.
Nami niliinua mkono
kwa kuwa mikono mingine ilikuwa juu.
Ayikoru alisema tu, "Nitajaribu."

Laptopu yake aliachiwa na shangazi, karani wa Arua:
kumbukumbu gigabaiti mbili, feni inayokoroma,
kitufe kimoja kimeng'oka.
Ijumaa akaanza kupakua. Bando la elfu tano
likakata roho kwenye asilimia sitini na moja.
Jumamosi akanunua jingine, umeme ukaenda.
Jumapili ile zana iliingia, ikafunguka nusu,
mashine ikaganda kama uji uliosahauliwa.

Hakutuambia.
Jumatatu alileta daftari la kurasa tisini na sita,
msimbo wote kwa kalamu ya wino,
kila mabano yamefungwa,
kila nafasi imepimwa kwa rula.
"Mmoja wenu anichapie."
Okidi alisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia,
akakuta kosa moja tu,
nalo lilikuwa lake, alilolinakili kwa uaminifu.

Siku hiyo tulikwenda Layibi kwa Min Akwero,
mwenye kinu tunachokiundia programu.
Alitusikiliza huku anakung'uta gunia, akauliza mawili:
"Nikizima simu, itasahau?
Na binti wa zamu ya usiku, akiwa na usingizi, ataielewa?"
Tumwebaze aliikunja orodha yake mara nne,
akaiweka chini ya mguu mfupi wa mzani.

Tukachagua upya.
Kihariri chepesi kuliko picha za harusi ya binamu.
Hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, haiombi seva.
Hazina inayokumbuka nani alibadili nini, na lini,
hata bila mtandao; alfajiri maktaba ikifunguliwa
tunaisukuma juu, kila mtu na tawi lake.

Tuligombana bado.
Mstari wa arobaini na nane, bei ya kusaga kilo:
Okidi aliandika mia na hamsini, Tumwebaze mia mbili.
Chombo kikasimama, kikauliza kibaki kipi,
chako au chake.
Hakikuuliza nani alaumiwe.
Tukampigia Min Akwero.
"Mia mbili hamsini. Dizeli imepanda jana."

Sasa mistari minne.
Nimeandika: uzito, gharama, urahisi, usalama.
Alama tutapata.
Nyuma ya fomu nimelibana daftari.
Mwalimu akilifungua, afungue taratibu:
ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja
umeshikana kwa nta ya mshumaa.