Mosi

Mvua ya Skelbeck hainyeshi, inaning'inia,
imeanikwa juu ya bonde kama shuka lililosahauliwa kambani.
Chini yake, Jumamosi ya mwisho ya Agosti:
mahema manne, moshi wa soseji, samadi ya kondoo,
kipaza sauti kinachokohoa kuliko kinavyosema,
na mbwa.

Teria ni wale wafupi,
waliochongwa kwa kipimo cha shimo la mbweha,
manyoya kama brashi ya kusugulia sufuria,
hasira kubwa kuliko ngozi iliyoibeba.
Lacha ni warefu: mama wa mbio, baba wa kuchunga,
mbavu za kuhesabika, macho ya mtu anayedaiwa;
mbwa wa wanaume walioingia usiku shamba la tajiri
wakatoka na kitoweo ndani ya koti.

Tobias Raistrick anaye mmoja. Anamwita Mosi.
Kwa lugha ya huko ni kuvumwani, ule ujani wa juu ya mawe.
Kwetu lingekuwa jina la mshindi,
naye kwa miaka kumi na mmoja
hajawa wa kwanza, wala wa pili, wala wa kutajwa.

Leo ameogeshwa kwa shampuu ya mkwe, ananukia ndimu
na anaona aibu.
Mwamuzi, Bi Hester Thwaite, viatu vya mpira hadi magotini,
anamfunua mdomo: meno mawili hayapo.
Anapitisha kidole juu ya kovu la bega.
"Seng'enge?"
"Seng'enge. Mwaka wa theluji kubwa.
Mke wangu ndiye aliyemshona, kwa uzi wa vifungo."
Bi Thwaite anakaa kimya kidogo,
kisha anampa utepe lacha wa kijivu, laini,
ambaye hajawahi kukutana na seng'enge.

Halafu mbio za teria.
Mkia wa bandia umefungwa kwenye uzi,
uzi kwenye gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa,
na mwanamume mnene anazungusha pedali kwa mikono.
Haradali, teria wa Keziah Raine, mtoto wa miaka tisa,
anawapita wote, anaudaka mkia, hauachii.
Uzi unaviringika, Haradali naye anakuja,
mpaka anabembea kwenye gurudumu kama nguo iliyonaswa.
Wanamvuta watu watatu. Wanampa soseji.
Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga;
Haradali ameshika moja.

Na katikati ya kicheko hicho,
kutoka kwenye majani yasiyokatwa nyuma ya hema la keki,
akatoka sungura. Wa kweli. Wa porini, masikio juu,
akakata uwanja kwa mshazari.

Kamba zilichana viganja. Chai ilimwagika.
Mbwa sitini walipaza sauti moja.
Kamba ya Mosi ilikuwa chini,
Tobias alikuwa ameiweka ili ashike mkate.
Na sheria ya siku hizi inajulikana,
na polisi kijana alikuwa pale pale, krimu mdomoni.

Mosi alisimama.
Mtetemo ulimpanda kutoka kwato, nusura niseme, kutoka kucha
hadi kwenye kovu.
Tobias hakuita. Mdomo ulikuwa umejaa.
Sungura akafika kwenye ua wa miiba, akawa si kitu.
Mosi akamtazama mzee,
akaketi taratibu, kwa awamu,
juu ya kiatu chake.

Hakuna aliyeuliza kama ule ulikuwa utii au magoti.

Jioni, nyuma ya gari, kwenye gunia,
Mosi alilala na miguu ikaanza kukimbia,
minne yote, kwa kasi ya zamani, midomo ikitetemeka.
Tobias alimwona kwenye kioo.
Akazipinda kona polepole, hata ile ya darajani,
asije akamwamsha
kabla hajamfikia.