Chini ya Kitanda cha Tisa, Goma

Kavugho anatumbukiza rula kwenye ndoo:
lita tatu tangu alfajiri.
Kaka yangu amekauka hata machozi.

"Vidudu hawa wanaongea," ananiambia.
"Kwa harufu, si kwa sauti."

Walipoingia walikuwa wachache,
kikombe kimoja cha maji ya ziwa.
Kila mmoja alitema yake gizani, akangoja jibu.
Kimya.
Kwa upweke ule wakang'ang'ania utumbo, wakamwaga sumu.

Leo wamejaa; harufu imekuwa zogo
na zogo lina neno moja: tutoke.
Wanaachia ukuta, wanashuka
na maji meupe kama ya mchele,
wakamtafute mwingine.

Kavugho anamimina klorini.
Huko Majengo, juu ya mawe ya volkano,
mama anapanga vikombe.
Anatuhesabu.