Tone Moja Nyuma ya Kioo

Mwalimu Oreste hakuanza na fomula.
Alidondosha tone moja la heksani kwenye kisahani,
ndani ya kabati la mvuke, feni ikinguruma,
akatazama saa yake, nasi tukatazama tone.
Sekunde kumi na moja. Kisahani kikavu.
"Limekwenda wapi?"
"Limekwisha," akasema Nevio wa nyuma, miguu juu ya kiti.
"Hakuna kinachokwisha. Kinahama tu.
Leo kimepita bombani.
Zamani kilipita puani."

Hapa Fermo hakuna ukoo usio na mshona viatu.

Akaandika ubaoni: nyuzi sitini na tisa, hapo huchemka.
"Lakini hakihitaji kufika huko ili kikuingie.
Nguo kwenye kamba, nani huzichemsha ndipo zikauke?"
Akachora ini, baya, kama ndala iliyokanyagwa na gari.
"Ini ni mwenyeji mkarimu. Mgeni akiingia
humvua koti, humvisha jingine,
apate kutoka kwa heshima.
Huyu akishavishwa oksijeni mbili
hautazami mlango.
Hushika njia ya mishipa ya fahamu,
na huanzia mbali: vidole vya miguu, ncha za mikono.
Ganzi. Haiumi.
Ndiyo hila yake."

Azzurra akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

"Litatoka. Na glavu za mpira mwembamba pia zitatoka:
kuzitegemea ni kuchota maji kwa pakacha."

Kisha akaketi juu ya meza, jambo alilotukataza sisi.
"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili
na pikipiki ya magurudumu matatu.
Nilipeleka gundi nyumba kwa nyumba, madumu ya lita tano,
kwa akina mama waliobandika soli jikoni,
watoto wakifanya hesabu kwenye meza hiyohiyo,
madirisha yamefungwa, Januari.
Walinipa kahawa. Nilikunywa.
Lebo ilisema: hushika moto.
Nami niliwaambia: hushika moto.
Sikujua zaidi ya hapo.
Mwaka wa nne nikajua zaidi.
Nikapeleka mwaka wa tano."

Hata Nevio alishusha miguu.

Nikauliza, mtaa gani?
Akautaja. Ngazi za matofali, mlango wa kijani,
ghorofa ya pili, paka.
Nikaandika "paka" daftarini, sijui kwa nini.

Jioni nilimkuta bibi Argia akifunga vifungo vya sweta
kwa ndoano ya waya aliyojitengenezea.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
chake kilikaa kwenye aproni miaka tisa,
kikaondoka bila kuaga,
kikachukua vidole, kikamwachia mikono.
Sikumtajia ini wala oksijeni.
Nilimtajia jina la mwalimu tu.

"Oreste? Yule kijana wa madumu?"
Uso ukamkunjuka.
"Alikuwa na adabu. Alifuta viatu mlangoni.
Siku moja nilimwangushia kikombe cha kahawa,
mkono ulikataa tu, hivi,
akapiga magoti akaokota vipande vyote,
hata vile vya chini ya jiko.
Hakusema neno."

Ndoano ikatafuta kifungo, ikakosa, ikapata.

"Mwulize," akasema,
"huo ulikuwa mwaka wa ngapi."