Ngamia wa Haima

Ngamia alizaliwa kwenye simu,
alfajiri, kilomita kumi kabla ya Haima,
gari imelalia reli ya chuma
na taa moja bado inawaka, inamulika mchanga.
Zahor kasimama na damu kidogo puani,
anampigia kaka yake Mabela: "Niambie, niseme nini?"
Na kaka, hata miwani hajavaa, akajibu:
"Sema ngamia."

Mimi nilikuwa kiti cha mbele.
Nilimwona mume wangu kidevu kinashuka
polepole, kama mtu anayeitikia dua.
Nikanyosha mkono, mkono ukachelewa.
Hapakuwa na kwato. Hapakuwa na nundu.
Palikuwa na usingizi wa mtu aliyetoka Salala usiku
kwa kuona uchungu kulipia chumba riali kumi na mbili.

Wanasema njia ya mwongo fupi.
Yetu ilikuwa kilomita mia tano na zaidi,
nyuma ya winchi, hadi Maskati,
na ngamia njia nzima anakula.
Alitaka rangi, tukampa hudhurungi.
Alitaka upande, tukasema kushoto.
Alitaka umri: mdogo,
maana mkubwa angevunja kioo.
Kisha akataka mwenyewe. Hapo tukakwama.
Jangwa lile kila ngamia ana mwenyewe,
ana alama ya moto, ana jina,
ana na mbio alizoshinda.
Tukasema alikimbia.

Usiku Zahor ananihoji kama mwalimu wa chuo.
"Alitoka wapi?"
"Kushoto."
"Rangi?"
Mimi, ambaye Tabaraka mpaka leo naikosea,
ngamia nilimhifadhi kwa siku mbili.

Ofisi ya bima, Ruwi, orofa ya tatu.
Kiyoyozi kinauma mifupa.
Kijana nyuma ya meza, kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
kibao cha jina: Mundhir.
Anauliza kwa Kiarabu, tunajibu kwa Kiarabu,
na tukipotezana tunashuka kwenye Kiswahili
kama watu wanaoingia jikoni kwao:
"We Shamsa, si kulia! Tulikubaliana kushoto."
"Na damu je? Akiuliza damu ya ngamia?"
"Mwambie mvua iliosha."
Mvua! Haima! Mwezi wa sita!

Nikatia saini.
Kijana hakunyanyua uso. Akamaliza mstari wake,
akafunika kalamu.
"Baba," akasema, Kiswahili laini, cha Wete kabisa,
"mimi bibi yangu kanilea kwa lugha hii, hapa hapa, Al Khoud.
Kushoto, kulia, mimi sina tabu.
Ila kwa nini hamkusema usingizi?
Usingizi tunalipa.
Ngamia asiyekuwepo hatumlipi."

Zahor akatazama viatu vyake.
Nilitamani atukane, agonge meza.
Alisema tu, "Ahsante, mwanangu,"
kama aliyepewa maji.

Sasa gari iko yadi ya Barka, paka kazalia kiti cha nyuma.
Benki inataka yake, miezi thelathini na moja bado.
Kampuni nyingine tulizokwenda,
kompyuta inamjua Zahor kabla hajakaa,
na chini ya jina lake, langu.

Wiki iliyopita, kwenye khitma kule Seeb,
bibi mmoja akanisogezea sahani ya visheti.
Akaniuliza mimi nani, mke wa nani. Nikamwambia.
Akatulia kidogo. "Mjukuu wangu," akasema, "anafanya kazi ya bima."
Sikuuliza mjukuu gani.
Kisheti kikageuka mchanga mdomoni,
nami nikakitafuna, nikamsifu mpishi.

Zahor hasinzii tena, hilo ndilo ajabu.
Saa tisa za usiku macho yako darini.
Nami nikizima taa, nikageukia ukuta,
nasikia kitu kinacheua chumbani,
taratibu, hakina haraka,
upande wa kushoto.